Diwani na Shahidi wa Pande Zote Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Nina siri. Sijamwambia Mama, sijamwambia rafiki, hata mto wangu wa kulalia haujui. Nimekubali kuwa shahidi wa Dada mahakamani. Hiyo si siri. Siri ni kwamba nimekubali pia kuwa shahidi wa Shemeji. Kesi ni moja. Ndege ni mmoja. Na mimi ni mmoja!

Nieleze vizuri, maana nikizeeka nitasoma hapa na kujiuliza nilikuwa na akili gani.

Dada ni fundi wa nguo. Mume wake, yaani Shemeji, ni kinyozi. Walikuwa na chumba kimoja cha kazi, pazia katikati. Huku anashona, huku ananyoa. Mwezi uliopita upepo ukapeperusha pazia, na nywele za mteja zikatua juu ya gauni jeupe la bibi harusi. Dada akasema gauni limeota ndevu. Shemeji akacheka. Hapo ndipo alipokosea.

Wametengana. Pazia limeondoka, ukuta wa mbao umesimama. Vyombo wamegawana. Viti wamegawana. Kioo kirefu kimekatwa katikati. Sasa wateja wa Dada hujiona kuanzia kiunoni kwenda chini, na wa Shemeji kuanzia kiunoni kwenda juu. Kilichobaki ni Diwani, naye hakatiki.

Diwani ni kasuku. Shemeji alimpa jina hilo kwa sababu anaongea kutwa na hafanyi lolote. Shemeji anasema yeye ndiye aliyemleta. Dada anasema aliletwa kama zawadi yake, na zawadi hairudi. Basi wakapelekana kwa hakimu. Hakimu ameamuru hivi: shauri litasikilizwa Alhamisi ya wiki ijayo. Hadi siku hiyo Diwani atakaa kwa Mama, ambaye hata Shemeji anakubali hana upande. Na mtu yeyote asimfundishe neno jipya, maana siku hiyo hakimu mwenyewe atamsikiliza ndege ajue amelelewa na nani.

Mlezi wa muda ni mimi. Nimemaliza shule na sina kazi. Mama alimwambia hakimu asiwe na wasiwasi, huyu hata akitaka kumfundisha ndege, atamfundisha nini? Kunyamaza?

Sasa, ilikuwaje nikakubali mara mbili? Dada aliniomba nikiwa nimemshikia pini kwa meno. Nikaitikia kwa kichwa. Shemeji aliniomba nikiwa napita mlangoni kwake. Akasema, shemeji yangu, wewe utanisemea, si ndiyo? Nikasema sawa. Sawa yangu haina breki. Hutoka yenyewe, kisha mimi nabaki kuitazama ikienda.

Diwani ndiye kiumbe pekee ninayeweza kuzungumza naye bila kutokwa na jasho. Miaka yote ya shule, alasiri zangu zilikuwa katika chumba kile, yeye begani, cherehani upande huu, mashine ya kunyolea upande ule. Dada ameapa akishinda atahamia ng'ambo ya pili ya mji na ndege wake. Shemeji ameapa vivyo hivyo. Na atakayeshindwa atajua kwamba nilimsaliti. Nitampoteza Diwani na mmoja wao. Labda wote watatu!

Lazima nipate mbinu.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kwanza: kupoteza sauti. Shahidi bubu si shahidi. Nilianza alfajiri. Sikutamka neno. Nilipanga kwamba Mama akishtuka nitaonyesha koo kwa kidole na kufanya macho ya huruma.

Asubuhi Mama alinituma sokoni. Nikaenda. Mchana akaniuliza nimeshiba, nikaitikia kwa kichwa. Alasiri Dada akapita, akakaa, akamsema Shemeji tangu unyayo hadi utosini, akaaga. Jioni Mama akaniambia leo nimechangamka kweli.

Hakuna aliyegundua! Nimenyamaza siku nzima na dunia imeendelea kama kawaida. Mbinu imekufa kwa sababu ya tabia yangu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu ya pili: ikiwa sina budi kusema, basi niseme vizuri. Nimetunga ushahidi wa Dada na ushahidi wa Shemeji, kila mmoja peke yake. Siku ikifika nitajua nianze na upi. Huenda paa la mahakama likaanguka kabla ya huo wa pili.

Tatizo ni kwamba nikitazamwa, maneno hunikimbia kama kuku walioona mwewe. Kwa hiyo nafanya mazoezi mbele ya Diwani. Ananitazama kwa jicho moja, kichwa upande, kama hakimu kabisa. Asubuhi nafanya ya Dada. Jioni ya Shemeji. Nakohoa kidogo, nasema samahani Mheshimiwa, kisha naendelea. Leo nimefika mwisho bila kutetemeka! Diwani alikuwa kimya muda wote. Msikilizaji bora sijapata kuona.

Amri ya hakimu inakataza kumfundisha. Mimi simfundishi. Naongea tu, naye yupo. Ni mambo mawili tofauti.

Saa kumi akaja Spika. Spika ni mdogo wake Shemeji, tulikuwa darasa moja. Ndiye aliyekuwa anaongoza midahalo, na hata akinong'ona watu wa chumba cha pili hugeuka. Alisema kaka yake amemtuma kukagua kama ndege analelewa bila upendeleo. Alipima tundu kwa mikono. Akaonja maji ya Diwani! Akaniambia, we Bi Kimya, nasikia unatusemea sisi, lakini kwa sauti hiyo hakimu itabidi akusikie kwa darubini. Nilitaka kumjibu kwamba darubini ni ya macho. Nilikumbuka jibu hilo alipokwisha kufika nyumbani kwao.

Jumamosi, 8 Machi

Mbinu ya tatu, na hii nilidhani ndiyo yenyewe: kuwapatanisha. Wakipatana hakuna kesi. Pasipo na kesi hapana shahidi.

Nilikwenda chumba cha kazi. Nikapitia kwanza kwa Dada. Nikamwambia kwa upole kwamba Shemeji amekonda sana. (Hajakonda. Ana kitambi kipya.) Nilitarajia Dada aache kushona, atazame mbali. Aliendelea kukanyaga cherehani na kusema, akonde, akonde hadi shuka limtoshe kuwa suruali.

Nikapita kwa Shemeji. Alikuwa anamnyoa mzee mmoja mwenye masikio makubwa. Nikamnong'oneza kwamba Dada huwa analia akishona. Hapo Shemeji akasimamisha mashine. Uso ukabadilika. Nikajua, ndiyo hii! Lakini badala ya kwenda kumbembeleza kama mtu mzima, aligonga ukuta wa mbao na kuuliza kwa sauti kubwa, we, unalilia nini huko?

Dada akajibu kwa sauti kubwa zaidi, nani analia? Umekonda akili sasa?

Shemeji akasema hajakonda popote. Dada akasema ameambiwa amekonda. Shemeji akauliza ameambiwa na nani. Kisha nikasikia sauti mbili, moja huku na moja kule, zikiita jina langu kwa pamoja.

Nilikimbia kwenda kununua uzi. Hakuna aliyenituma uzi.

Yule mzee alibaki na upande mmoja umenyolewa. Nilimwona jioni amevaa kofia.

Jumapili, 9 Machi

Nimevunja amri ya hakimu. Lakini kwa nia njema, na nia njema lazima ipunguze kitu.

Nilifikiri hivi: Dada hamsikilizi Shemeji, lakini humsikiliza Diwani. Diwani akisema kwa sauti ya Shemeji, nisamehe mpenzi, kosa ni langu, Dada atayeyuka. Shida ni sauti. Yangu ni nyembamba kama uzi wa kutarizi. Mama alipotoka, nikachukua ndoo ya kufulia, nikaivaa kichwani, nikainama mbele ya tundu na kusema kwa sauti nzito: Nisamehe, mpenzi. Kosa ni langu.

Humo ndani nilisikika kama mwanamume wa makamo mwenye kitambi. Nilijiogopa mwenyewe.

Nikarudia asubuhi yote. Diwani hakusema kitu. Mwishowe ndoo ikaniteleza, ikagonga sakafu, nami nikapiga ukelele. Diwani akautoa ukelele ule ule papo hapo, pamoja na mlio wa ndoo. Hayo ndiyo aliyojifunza. Ama kweli, kuku hafundishwi kuogelea. Wala kasuku.

Nimekata tamaa. Nilikaa chini karibu na tundu, nikamweleza yote yaliyo moyoni. Sitayaandika hapa. Ni kati yangu na Diwani.

Jumanne, 11 Machi

Balaa! Balaa yenye manyoya!

Leo nilikuwa nikifagia. Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa. Kikohozi changu. Kisha sauti yangu ikasema: samahani, Mheshimiwa, ndege huyu ni wa Dada.

Nilidhani ni mimi. Nikajiziba mdomo kwa kiganja. Sauti ikaendelea.

Ameshika ushahidi wote. Neno kwa neno, na pale ninapovuta pumzi naye anavuta. Zimebaki siku mbili! Nilimfunika kwa shuka ili asahau. Akasema ushahidi wa Shemeji gizani. Nikafungua redio karibu na tundu ili maneno mapya yasukume ya zamani. Sasa anasema ya zamani yote, kisha anamalizia na utabiri wa hali ya hewa.

Halafu mlango ukagongwa. Spika! Ukaguzi wa mwisho. Hakuwa hata amekaa Diwani akakohoa. Nilifanya nini? Niliimba. Mimi! Kwa sauti, mikono juu, wimbo wa asubuhi wa shule ya watoto wadogo, beti zote, nikiruka na kupiga makofi ili kumzima ndege. Spika alisimama mlangoni mdomo wazi. Nilipoishiwa pumzi aliniuliza kama naumwa. Nikasema sawa. Halikuwa jibu, lakini ndilo lililokuwa karibu.

Akaondoka taratibu. Kwenye lango akageuka akasema, Bi Kimya, kumbe una sauti nzuri, ulikuwa unaificha wapi? Sielewi alikuwa ananitania au la. Nimechukia kwamba nimefurahi.

Jumatano, 12 Machi

Nilitaka kumwambia Mama kila kitu. Nilimfuata jikoni, nikasimama nyuma yake. Mama akasema bila kugeuka, mtoto akisimama nyuma yangu hivi, ama ana njaa ama ana kosa. Niseme lipi?

Nikasema nina njaa.

Nimekula chakula cha pili nisichokitaka. Mama alinitazama nikila, akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikauliza kwa nini anasema hivyo. Akasema hana sababu, imemjia tu.

Kesho. Ee Mungu, paa lile!

Alhamisi, 13 Machi

Paa halikuanguka.

Chumba cha mahakama ni kidogo. Feni inalia kama inaomba likizo. Karani anapiga chapa kwa vidole viwili. Hakimu ni mama mmoja mnene, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Dada alikaa benchi la kushoto, amevaa gauni alilolishona usiku wa jana. Shemeji alikaa la kulia na Spika, amejinyoa mwenyewe na kujikata kidevu. Mama katikati na tundu mapajani. Mimi nilisimama ukutani. Dada akanikonyeza nikae kwake. Shemeji akapigapiga benchi nikae kwake. Nikabaki ukutani kama kalenda.

Hakimu akasema kabla ya mashahidi wenye miguu miwili wasio na mabawa, tumsikilize ndege.

Diwani akatazama feni. Kisha akatoa mlio wa cherehani, mshono mrefu, hadi sauti ya kukata uzi. Dada akatabasamu. Karani akaandika. Kisha Diwani akatoa mlio wa mashine ya kunyolea na kuuliza kwa sauti ya Shemeji, nikupunguze na pembeni? Shemeji akajipiga kifuani. Hakimu akasema hadi hapo ni sare.

Na hapo Diwani akakohoa.

Samahani, Mheshimiwa, ndege huyu ni wa Dada. Shemeji humwachia nywele kwenye maji ya kunywa.

Dada akasimama kwa furaha. Shemeji akanigeukia. Sijawahi kuona masikio ya mtu yakishuka.

Samahani, Mheshimiwa, ndege huyu ni wa Shemeji. Dada alimsahau nje mvua ikinyesha.

Dada akaketi. Kila mtu akanitazama. Nilitamani ile ndoo.

Lakini Diwani hakuwa amemaliza. Akashusha sauti, ile sauti yangu ya Jumapili, nikiwa nimekaa sakafuni. Akasema: Diwani, mimi simtaki mshindi. Nataka pazia lirudi. Wakihama, alasiri zangu nitazipeleka wapi?

Feni ikalia. Karani aliacha kuandika. Kisha Diwani akaongeza kwamba kesho kutakuwa na mawingu kiasi.

Hakimu akavaa miwani, akauliza hiyo ni sauti ya nani. Dada na Shemeji wakajibu kwa pamoja: ya mtoto wetu. Wakatazamana. Nadhani ni jambo la kwanza kukubaliana tangu lile gauni.

Nikaitwa mbele. Hakimu akauliza kama nilimfundisha ndege maneno hayo kinyume cha amri. Nikamtazama Diwani, nikajifanya hakuna mwingine chumbani. Nikasema, hapana Mheshimiwa, nilikuwa nazungumza naye tu, kwa sababu yeye hunisikiliza. Sentensi nzima! Mbele za watu! Spika akasema haloo! Akaambiwa anyamaze.

Hakimu akasema sheria haikatazi mtu kuzungumza na rafiki yake. Akasema ndege hana sauti ya mume wala ya mke zaidi ya alivyo na sauti ya binti huyu. Basi Diwani akae nami. Dada aje kumwona Jumamosi, Shemeji Jumapili. Shauri limefungwa.

Nimepewa Diwani! Na kuhusu ndoo hakuna aliyeuliza. Hakimu aliuliza maneno *hayo*. Nilijibu kuhusu *hayo*.

Ijumaa, 14 Machi

Dada hajaninunia kama nilivyodhani. Alikuja, akanivuta sikio, akalishika kwa muda mrefu kidogo, akaniachia. Alisema mtu hasemi sawa kwa kila mtu kama ndege asiye na akili. Shemeji naye alipita akasema vivyo hivyo, ila yeye alisema kama kinyozi asiye na akili. Nimewaahidi wote wawili kwamba nimekoma. Kutoka sasa nitasema ukweli, moja kwa moja, hakuna mbinu.

Halafu nikamwambia Dada kwamba Jumamosi Mama hatakuwepo, aje Jumapili saa tisa.

Hiyo si mbinu. Ni ratiba.

Jumapili, 16 Machi

Walikuja wote wawili saa tisa. Wakakutana langoni. Dada akasema ameambiwa Jumapili. Shemeji akasema Jumapili ni yake kwa amri ya hakimu. Mama, ambaye eti jana hakuwepo, akatoka na viti viwili na kuvipanga pamoja kabla hawajamaliza kubishana.

Wakakaa. Kila mmoja anamtazama ndege. Nilikuwa mlangoni nikiuma ukucha.

Diwani akajitikisa manyoya. Kisha kwa sauti nzito ya mwanamume wa makamo mwenye kitambi akasema: Nisamehe, mpenzi. Kosa ni langu.

Nilishika kizingiti. Kumbe alishika! Alikuwa ameweka akiba!

Dada akamgeukia Shemeji taratibu. Akamwuliza, hayo ulimfundisha lini? Shemeji akanitazama mimi. Akamtazama ndege. Akamtazama Dada, ambaye macho yalikuwa yanang'aa. Nikaona anapima maisha yake. Akasema, ee, zamani kidogo, nilikuwa naona haya kukwambia mwenyewe.

Mwongo! Shemeji yangu mpendwa, mwongo kama mimi!

Dada akasema lakini sauti inatoka kama ndani ya ndoo. Shemeji akasema siku hiyo alikuwa na mafua. Mama akaingia ndani haraka, mabega yakitikisika. Kisha Diwani akatoa ukelele na mlio wa ndoo ikianguka, na Dada akacheka hadi akamshika Shemeji goti ili asianguke. Hakuliachia upesi.

Walipoondoka waliondoka kwa njia moja. Nilisikia Shemeji akisema ukuta unaweza kukatwa mlango. Dada akasema mlango hapana, nywele zitapita, labda dirisha, tuone kwanza. Sijui kama watarudiana. Lakini dirisha ni zaidi ya ukuta, na wamekubaliana hakuna anayehama. Diwani atakuwa akishinda dirishani kati yao, na jioni narudi naye nyumbani.

Kwa hiyo nimejifunza jambo kubwa: mbinu zinafanya kazi. Zinahitaji tu subira na ndoo.

Jambo moja dogo. Wakati wanaaga, Dada aliniambia nianze kesho asubuhi kujifunza ushonaji kwake, anahitaji msaidizi. Nikasema sawa. Shemeji alirudi kuchukua kofia yake akaniambia nianze kesho asubuhi kujifunza unyozi kwake, anahitaji msaidizi. Nikasema sawa.

Asubuhi ni moja. Mimi ni mmoja. Lakini kuna dirisha! Nikijipanga vizuri, kila mmoja ataona nusu yangu, kama kile kioo. Nimeshatunga maneno ya kumwambia kila mmoja akiuliza niko wapi. Jioni hii nimeyafanyia mazoezi, na yametoka bila kutetemeka.

Wewe unayesoma, kama yuko anayesoma, tafadhali sana. Habari ya ndoo na habari ya kesho zibaki hapa. Usimwambie mtu yeyote. Diwani nimeshamwomba vilevile. Amenitazama kwa jicho moja, kichwa upande, akanijibu kwa sauti yangu mwenyewe:

Sawa.